Mazoezi ya umakinifu kwa mtu mwenye pilikapilika: jinsi ya kupunguza msongo wa mawazo siku hadi siku

Watu wengi wanaojaribu mazoezi ya umakinifu huyaacha mapema kwa sababu moja. Waliketi, wakafumba macho, wakangoja kichwa kinyamaze, nacho kikazidi kupiga kelele. Wakaamua kwamba wao hawakuumbiwa mambo haya. Ningependa tuliondoe wazo hilo kabla ya hatua ya kwanza, maana limewanyima watu wengi kitu chenye manufaa. Hakuna anayenyamazisha kichwa chake kwa kuketi dakika kumi. Unachojifunza ni kutambua kwamba akili imeondoka, kisha kuirudisha kwenye jambo moja lililopo sasa hivi, bila kujilaumu. Ikiondoka mara ishirini ukairudisha mara ishirini, umefanya zoezi mara ishirini.

Umakinifu ninaouzungumzia ni kuelekeza fikra, kwa makusudi, kwenye kinachotokea sasa ndani yako na mbele yako, na kukitazama kwanza kabla ya kukihukumu. Hauhitaji mavazi maalumu, muziki wala ada. Asili yake ni tafakuri ya Kibudha yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, lakini namna inayofundishwa leo hospitalini na makazini ilichukua sura mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha kliniki ya kupunguza msongo katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Wengi wa wagonjwa waliopelekwa kwake walikuwa na maumivu ya muda mrefu ambayo matibabu ya kawaida hayakuwa yameyamaliza. Aliweka kando mambo ya ibada, akabakiza mazoezi, akayapanga katika programu ya wiki 8. Ndiyo maana mtu wa dini yoyote, au asiye na dini, anaweza kuyafanya.

Hatua ya kwanza: jua msongo unakuingilia wapi

Kabla hujaketi popote, jichunguze kwa siku mbili tatu. Msongo huanza mwilini mapema kuliko tunavyoukiri kwa maneno. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi hupanda kifuani na kuwa fupi, misuli hukaza, na usagaji wa chakula hupungua kasi. Homoni ya kotisoli hufuata baadaye kidogo na hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Mtaalamu wa fiziolojia Walter Cannon alieleza mwaka 1915 kwamba hayo yote ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Yanafaa sana unapokwepa gari. Shida ni kwamba mwili huyafanya hayo hayo kwa ajili ya deni ambalo halijalipwa, kwa ugomvi wa jana unaourudia kichwani, na kwa kikao cha kesho kutwa ambacho huenda hata kisifanyike.

Kila mtu ana mahali pake. Kuna anayekaza taya, anayepandisha mabega hadi karibu na masikio, anayehisi fundo tumboni, anayepumua nusu nusu, anayeanza kuwafokea watoto kwa jambo dogo. Tafuta pako. Asubuhi, mchana na jioni, simama kidogo ujiulize: taya likoje? Mabega? Tumbo? Pumzi? Usirekebishe kitu. Andika neno moja au mawili tu kwenye daftari au kwenye simu. Baada ya siku chache utaanza kuona ni dalili ipi hutangulia nyingine zote, na hiyo ndiyo utakayoitumia baadaye, mambo yatakapokuwa yanachemka.

Hatua ya pili: zoezi la pumzi

Hili ndilo la kujifunza vizuri kuliko yote, kwa kuwa mengine yamejengwa juu yake. Anza na dakika 5. Weka kengele ya simu yenye mlio wa upole ili usiwe unachungulia saa, kisha zima arifa nyingine zote.

Keti kwenye kiti, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, mgongo umenyooka bila kukakamaa, mikono juu ya mapaja. Ukiweza, usiegemee. Fumba macho, au yashushe yatazame sakafu hatua mbili hivi mbele yako. Chagua mahali pamoja unapoihisi pumzi waziwazi: matundu ya pua, ambako hewa huingia ikiwa baridi na kutoka ikiwa na joto kidogo, kifua kinapopanda na kushuka, au tumbo. Ukishachagua, baki hapo mpaka kengele ilie. Kuhamahama ukitafuta mahali pazuri zaidi ni namna nyingine tu ya akili kutangatanga.

Sasa ifuate pumzi moja, tangu inapoanza kuingia hadi inapokwisha kutoka, pamoja na ule utulivu mdogo kabla ya pumzi inayofuata. Usiivute kwa nguvu, usiirefushe, usiipange. Mwili unajua kupumua. Ikikusaidia, hesabu kila inapotoka, moja hadi kumi, kisha anza upya. Ukijikuta umefika kumi na saba, rudi kwenye moja.

Punde akili itaondoka. Itakwenda kwenye kazi ulizoziacha, kwa mtu aliyekuudhi, kwenye swali la kama unafanya zoezi sawasawa. Hilo la mwisho nalo ni wazo, ingawa huja likiwa limevaa sura ya mwalimu. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha mwaka 2010 utafiti ambao waliwauliza watu wazima 2,250, kupitia simu zao na kwa nyakati zisizotarajiwa, walikuwa wakifanya nini na wakiwaza nini. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kwamba mtu alikuwa akiwaza jambo jingine kabisa, wala si lile alilokuwa akilifanya. Na kwa jumla watu walikuwa na furaha pungufu akili zao zilipokuwa mbali, hata kama shughuli yenyewe haikuwa ya kupendeza. Kwa hiyo unapoketi na kuikuta akili yako imezurura, umeona tu jambo ambalo hutokea siku nzima bila wewe kulitambua.

Kinachohesabika ni ile sekunde unayoshtuka kwamba umepotea. Wengi huigeuza kuwa sekunde ya kujikaripia: “Ona, nimeshindwa tena.” Nakuomba ufanye kinyume. Itambue kwa neno moja, “nawaza”, au “napanga”, au “nakumbuka”, kisha rudi kwenye pumzi inayofuata, kama mtu anavyomshika mkono mtoto mdogo aliyechepuka njiani na kumrudisha bila kumgombeza. Upole huo ni sehemu ya zoezi. Anayejikaripia kila anapopotea anajifunza kujikaripia, na msongo unapata mlango mwingine wa kuingilia.

Yapo mambo yatakayokusumbua. Usingizi ukikuelemea, fumbua macho au simama uendelee ukiwa wima. Ukiwashwa, utazame kwanza muwasho wenyewe kwa pumzi mbili tatu, uone unakua au unafifia, na ukihitaji kujikuna, jikune kwa makusudi. Mguu ukifa ganzi, usogeze polepole huku ukihisi unavyosogea. Hakuna tuzo ya kuvumilia maumivu.

Jambo moja zaidi ambalo halisemwi vya kutosha: kuna watu ambao kuitazama pumzi huwazidishia hofu, hasa wenye pumu au waliowahi kupata vipindi vya hofu kuu vya ghafla. Kama ni wewe, usijilazimishe. Weka fikra kwenye nyayo zako, uhisi uzito wake sakafuni, soksi, ubaridi wa sakafu. Au sikiliza sauti zinazokuja na kwenda, za mbali na za karibu, bila kuzipa majina. Zoezi linabaki lile lile; umebadilisha tu mahali pa kurudi.

Fanya dakika 5 kwa wiki moja au mbili, halafu ongeza hadi 10. Kwa maoni yangu usipite hapo kwa haraka. Programu ya Kabat-Zinn humtaka mshiriki afanye mazoezi ya nyumbani kiasi cha dakika 45 kwa siku, lakini washiriki hao wana mwalimu na wenzao wanaokutana nao kila wiki. Mtu aliye peke yake akijibebesha dakika 45 tangu mwanzo, mara nyingi huishia kutofanya hata moja.

Hatua ya tatu: lichomeke zoezi mahali penye mlango tayari

Nia peke yake haitoshi. Tafuta kitu unachokifanya kila siku bila kukosa, ulifungamanishe zoezi nacho: ukimaliza kupiga mswaki, ukishavaa viatu, kabla ya kufungua kompyuta. Jisemee kwa sentensi kamili: “Nikimaliza kupiga mswaki, nitaketi kwenye kiti cha chumbani dakika tano.” Muda, mahali na kitu kinachotangulia, vyote vitajwe. Asubuhi hufaa zaidi kwa wengi, kwa kuwa siku bado haijaanza kukudai.

Usitarajie mazoea kujengeka kwa wiki tatu, ingawa hesabu hiyo inasambaa sana. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 ilichukua takriban siku 66 kwa mtu wa katikati. Tofauti zilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la pili ndilo ningetaka ulikumbuke siku utakayoamka umechelewa.

Hatua ya nne: kuupitia mwili

Mara mbili au tatu kwa wiki, jipe dakika 15 hadi 20 za kulala chali, mikono kando, miguu imeachana kidogo. Anza na vidole vya mguu wa kushoto. Visikie tu: joto, baridi, mguso wa shuka, au hakuna kitu. “Hakuna kitu” nalo ni jibu. Kaa hapo pumzi kadhaa, kisha nenda kwenye unyayo, kisigino, kifundo, muundi, goti, paja. Halafu mguu wa kulia kwa mwendo huo huo. Panda nyonga, tumbo, kifua, mgongo tangu kiunoni hadi mabegani, vidole vya mikono, mikono mizima, shingo, taya, ulimi, macho, paji la uso.

Ukifika mahali palipokaza, usipigane napo. Watu huuvamia mkazo wakitaka uachie, nao hukaza zaidi. Ujue uko wapi, una ukubwa gani, una mipaka ya namna gani, unabadilika au umetulia. Mara nyingi utalegea wenyewe. Usipolegea, songa mbele. Ukisinzia katikati ya zoezi usiku, hakuna ubaya, umelala. Ila ukitaka kujifunza, lifanye pia saa ambazo huna usingizi.

Faida ya zoezi hili haionekani siku hiyo hiyo. Huonekana wiki kadhaa baadaye, unapokuwa katikati ya mazungumzo magumu na ghafla ukatambua kwamba mabega yako yamepanda, kabla hujasema neno ambalo lingekugharimu.

Hatua ya tano: kazi moja ya mikono

Chagua kazi moja ndogo unayoifanya kila siku, uifanye bila simu, bila redio na bila haraka. Kuosha vyombo kunatosha: joto la maji, uzito wa sahani, povu, sauti ya kijiko kikigonga bakuli. Akili ikikimbilia kazi inayofuata, irudishe kwenye mikono. Unaweza pia kutumia tonge la kwanza la kila mlo. Katika kipindi cha kwanza cha programu ile ya wiki 8, washiriki hupewa punje ya zabibu kavu waitazame, wainuse, waizungushe vidoleni, ndipo waile polepole kabisa. Lengo ni kuonja ni mangapi hupita midomoni mwetu bila sisi kuwapo.

Hatua ya sita: dakika tatu, mambo yanapochemka

Yote yaliyotangulia ni maandalizi ya hapa. Msongo wa kila siku haukungoji uketi kwenye kiti chako cha asubuhi. Huja kwa ujumbe mkali wa mkuu wako wa kazi saa nne asubuhi, kwa mtoto anayelia wakati simu inaita, kwa foleni isiyosogea.

Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, walipotengeneza tiba ya umakinifu kwa watu ambao sonona huwarudia mara kwa mara, waliweka ndani yake zoezi fupi la dakika tatu linaloweza kufanyika popote. Lina sehemu tatu, na mpangilio wake una maana.

Tuseme ujumbe huo mkali umefika na vidole vyako tayari vinataka kujibu. Weka simu kifudifudi. Nyoosha mgongo.

Katika dakika ya kwanza jiulize: nini kinaendelea ndani yangu sasa hivi? Tazama mawazo: “Ananidharau.” “Nitafukuzwa.” Yaone kama sentensi zinazopita kichwani, bila kuzijibu wala kuzikanusha. Tazama hisia, uzitaje kwa jina: hasira, aibu, woga. Tazama mwili: koo limebana, uso una joto. Kutaja hisia kwa jina kuna kazi yake. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba mtu anapoitaja kwa neno hisia anayoiona kwenye picha ya uso, shughuli hupungua katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu. Jitahidi jina liwe sahihi. “Nina hasira” ni tofauti na “nimeumia”, na mara nyingi la pili ndilo la kweli.

Katika dakika ya pili, acha hayo yote yawe pembeni na ulete fikra mahali pamoja, kwenye pumzi. Pumzi inaingia, pumzi inatoka. Ni zoezi lile lile la asubuhi, ndiyo maana la asubuhi halina mbadala. Huwezi kulijifunza kwa mara ya kwanza ukiwa umepandwa na hasira.

Katika dakika ya tatu, panua fikra kutoka kwenye pumzi hadi mwili mzima: nyayo, mgongo, uso, chumba ulichomo. Kisha jiulize swali moja: sasa kinachohitajika ni nini? Huenda ni kujibu ujumbe kwa sentensi mbili. Huenda ni kungoja saa moja. Huenda ni kuomba mzungumze ana kwa ana. Ujumbe bado ni mkali, lakini sasa ni wewe unayechagua jibu.

Ikiwa mwili umepanda kiasi kwamba kutazama tu hakuwezekani, tumia pumzi ndefu ya kutoka kwanza. Vuta hewa puani kwa hesabu ya 4, itoe polepole kwa hesabu ya 6, mara sita au nane. Moyo kwa kawaida huongeza kasi kidogo tunapovuta hewa na kuipunguza tunapoitoa, kupitia neva ya vagasi inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi kifuani na tumboni. Kwa kurefusha pumzi ya kutoka unaupa mwili nafasi zaidi ya kushuka. Hapa unaibadilisha pumzi, jambo nililokukataza kwenye hatua ya pili. Ni vitu viwili tofauti: hiki ni cha kukutuliza papo hapo, kile ni cha kukufundisha kuona. Usikifanye hiki kuwa njia pekee, kwa sababu mtu anayekimbilia kujituliza kila mara hachelewi kuuogopa msongo wenyewe.

Mbele ya watu wengine

Sehemu kubwa ya msongo wetu inatokana na mazungumzo. Mwenzako anaongea nawe unaandaa jibu, kwa hiyo humsikii, naye anajua humsikii, anaongeza sauti. Jaribu hili mara moja kwa siku na mtu mmoja tu: sikiliza hadi amalize, huku sehemu ndogo ya fikra yako ikiwa kwenye nyayo. Ukigundua umeanza kutunga jibu, liache, rudi kwenye sauti yake. Akimaliza, vuta pumzi moja kabla ya kufungua kinywa. Ni pumzi moja tu, na bado ni zoezi gumu kuliko dakika 10 za kuketi. Lianze na mtu ambaye hamna ugomvi.

Kuhusu simu, sitakwambia uitupe. Fanya jambo dogo: kila unapoishika, kabla hujaiwasha, jiulize unataka nini kwayo. Kama jibu lipo, endelea. Kama hakuna, tazama kilichokuwapo sekunde moja kabla ya kuishika. Mara nyingi utakuta kero ndogo, upweke, au kazi unayoikwepa. Ukishaiona hiyo, amua.

Usiku mawazo yanapokesha

Ukiamka saa nane usiku na kichwa kimejaa, usijaribu kutatua chochote. Saa hiyo kila tatizo huonekana kubwa kuliko lilivyo. Kama kuna jambo unaloogopa kulisahau, liandike kwenye karatasi, uache. Kisha pitia mwili kuanzia vidole vya miguu, taratibu, bila kulitaka zoezi likulaze. Ukiona kitanda kimegeuka uwanja wa vita, inuka, keti mahali penye mwanga hafifu, rudi usingizi unapoanza kunyemelea.

Mipaka ya mazoezi haya

Umakinifu haupunguzi deni, haumbadilishi bosi anayenyanyasa, haurudishi haki iliyoporwa. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu baadhi ya waajiri huwapa wafanyakazi mafunzo ya kutulia huku wakiwaongezea mzigo ule ule unaowavunja. Ukiona wazi kwamba chanzo cha msongo wako kinaweza kubadilishwa, kibadilishe, au tafuta wa kukusaidia kukibadilisha. Kuwa mtulivu hakumaanishi kukubali kila kitu.

Utafiti nao unahitaji kusomwa kwa uaminifu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichambua majaribio 47 yenye washiriki 3,515 wakaona ushahidi wa kiasi cha wastani kwamba programu za umakinifu hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu. Hawakuona kwamba zinashinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya viungo. Jaribio lililofanyika Marekani, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, liliwalinganisha watu wenye maradhi ya wasiwasi: kundi moja lilipewa programu ya wiki 8, jingine dawa ya escitalopram, na programu haikuonekana kuwa nyuma ya dawa. Hii ni habari njema sana, ila haikuruhusu kuacha dawa yako bila kuzungumza na daktari.

Kwa watu waliopitia ukatili, vita, ajali mbaya au msiba mzito, kufumba macho na kuingia ndani kunaweza kuziamsha kumbukumbu kwa nguvu. Ikitokea, acha zoezi mara moja. Fumbua macho, taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona, gusa kitu kigumu, tembea. Siku nyingine fanya mazoezi ya macho wazi na ya muda mfupi, kama kutembea au kuosha vyombo, na ikiwezekana uwe na mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili pembeni yako. Na ikiwa huzuni haiondoki kwa zaidi ya wiki mbili, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, nenda kwa mtaalamu wa afya au mwambie mtu unayemwamini leo hii. Kuketi na pumzi kutangoja.

Namna ya kujua kama unasonga mbele

Usipime kwa utulivu wa zoezi lenyewe. Kuna asubuhi utaketi kichwa kikivuma mwanzo hadi mwisho, na asubuhi hiyo imekufunza zaidi ya ile tulivu. Pima kwa maisha: umechukua muda gani kupoa baada ya ugomvi? Umeiona hasira kabla haijafika mdomoni hata mara moja wiki hii? Umekula mlo mmoja ukijua unakula nini? Muulize mtu unayeishi naye. Mara nyingi yeye huona mabadiliko kabla yako.

Ukikaa wiki nzima, au mwezi, bila kufanya lolote, usijaribu kulipa siku zilizopotea. Keti dakika 5 kesho asubuhi.

Rekodi za sauti na programu za simu zinasaidia mwanzoni, kwa kuwa sauti ya mtu hukukumbusha kurudi. Lakini angalau siku moja kwa wiki fanya bila sauti, ili ukumbusho uanze kutoka kwako mwenyewe. Ukitaka kwenda mbali zaidi, tafuta mwalimu au kundi, hata la mtandaoni, linalofuata programu ya wiki 8. Muulize mwalimu amefunzwa wapi, yeye mwenyewe anafanya mazoezi kwa muda gani, na humsaidiaje mshiriki ambaye zoezi limemwamshia kumbukumbu mbaya. Asiyekuwa na jibu la swali hilo la tatu bado hajawa tayari kukuongoza, na anayekuahidi kwamba utapona kila kitu, au anayekutaka uache matibabu, muepuke.